Dredi za Dada Mbele ya Mama Mkwe

Shoga, acha unachofanya usome. Dada yangu kaumbuka leo, bado siamini.

Si unajua anavyozipaka dredi zake mafuta na nta kila asubuhi ili zing'ae? Kichwa kikaanza kumuwasha, akaenda saluni. Kaegemea sinki, msusi kakamua dredi moja tu. Uji! Uji wa kijivu shoga, na harufu ya taulo lililosahauliwa kwenye ndoo.

Msusi bila haya: "Dada, humu umeficha nini?"

Saluni nzima ikageuka. Na wa kwanza kugeuka, kiti cha jirani, ni mama wa mchumba wake. Mama mkwe mwenyewe! Dada hakujua aufiche uso wapi.

Msusi kachanganya siki kidogo na maji vuguvugu, kazilowesha. Akasema kazi kubwa ni kusuuza: unakamua moja moja mpaka maji yatoke meupe, unazikausha mpaka ndani, na habari za nta ziishe. Ila alihitaji mtu wa kummiminia maji.

Mama mkwe akainuka, akakunja mikono ya gauni, akashika jagi. Mama mkwe, shoga! Kamimina mpaka mkono ukamuuma, dada analia anaomba radhi.

"Nyamaza binti yangu," kamwambia, "uchafu wa kusuuzwa si aibu. Kijana wangu alivyokusifia, nilidhani utaniringia."

Sasa hivi wako jikoni kwetu wanacheka, mimi nimefukuzwa.