Springi ya Mkono wa Gia

Ekisa, ndugu yangu,

Jana nilifungua tena kile kirungu cha kuvuta kwenye mkono wa gia wa mashine yetu ya kukereza. Safari hii nilifanya ulivyonifundisha. Niliubana ule mkono wa gia kwenye jiliwa, nikapangusa grisi, nikatafuta upande mwembamba wa pini ndipo nikagonga. Mapigo matatu tu, ikatoka. Nikazuia kirungu kwa kiganja, kikafunguka polepole. Nikakaa chini sakafuni.

Siku ile sikutafuta upande mwembamba. Dereva wa lori la mahindi alikuwa anangoja kazi yake, anapiga honi, nami nikagonga tu. Ukasema, "Ouma, pole pole. Hiyo pini ina kichwa na mkia." Nikakujibu kwamba mimi si mtoto. Kirungu kikaruka, springi ikapita dirishani. Tulipekua nyasi na matope mpaka tukachoka. Bila springi ile pini ya ndani ya mkono haikai kwenye tundu lake, gia zinaachana zenyewe, mashine inakuwa chuma tu.

Hukunilaumu. "Yule fundi wa Tororo ana mashine kama yetu," ulisema, ukapanda baiskeli. Kila mtu hapa Malaba alijua hali ya ng'ambo, Uganda, miezi ile, askari na vizuizi vyao. Mimi pia nilijua. Nilichosema ni, "Basi wahi."

Siku ya nne watu wawili tusiowajua wakakuleta mpakani, umefunikwa turubai. Walisema ni askari, kwenye kizuizi. Hawakukaa hata kunywa maji.

Tangu hapo nimekuwa nikifunga ule mkono kwa waya. Unateleza. Wateja wamehamia Bungoma, siwalaumu. Ovaroli lako bado liko kwenye msumari. Sijui nilifanyeje.

Sasa nikwambie kilichonitoa nguvu jana. Nilipokuwa nimekaa pale sakafuni niliuvuta ule mkebe wetu wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na kitasa kibovu cha mlango. Nikakivunja, nikatoa springi yake, nikapunguza mizunguko miwili, nikaitia. Ikakaa, Ekisa. Pini ya ndani inaingia tundu lake sawasawa. Mkebe huo ulikuwa chini ya meza siku ile, miguuni petu.

Kuna jingine, baya zaidi. Kwenye mazishi mkeo aliniuliza ulifuata nini Uganda. Nikasema sijui. Alikuwa amekuomba kitenge wiki ile ile, na mpaka leo anaamini ulivuka kwa ajili yake. Mama yako naye anamwangalia kwa jicho la lawama. Nimeyaona haya mwaka mzima, nimenyamaza.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, nitaenda kwenu Adungosi, kwa mkeo. Nitamwambia mbele ya mama yako kwamba ulivuka kwa ajili ya kosa langu, na kwamba nilikuhimiza. Sitegemei msamaha, wala sidhani moyo wangu utapona. Wakinifukuza nitaondoka.

Pumzika, ndugu yangu. Mkeo hatabeba tena mzigo wangu. Hilo nakuahidi.

Ouma