Nilijua Walipo, Nikanyamaza

Mshauri, nakuamkia, na kama tuko rika moja basi habari za kazi, maana picha yako gazetini imekatwa usawa wa nyusi na siwezi kukisia umri wako. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na kwa nini Jumamosi nitakueleza, ila kwanza lazima nianze na boti.

Mume wangu ni mwalimu wa udereva wa magari, mtu mwema, hanywi, hachelewi kurudi, kasoro yake ni kwamba tangu anunue boti ndogo ya injini kwa ajili ya matembezi yetu ya Jumapili anaamini usukani ni usukani tu, na akishavaa ile kofia yake nyeupe humwambii kitu, hata jina lake haitikii mpaka umwite Kapteni. Ndani ya boti kuna redio ya mawasiliano, ile ambayo vyombo vyote huiacha wazi kwenye chaneli moja ili mtu akipatwa na shida aite na wenzake wasikie, na mume wangu anaipenda redio hiyo kuliko boti yenyewe, kwa sababu kila mtu akiita yeye anataka awe wa kwanza kujibu. Tumeshamkimbilia mzee aliyeishiwa mafuta karibu kabisa na gati, tukamkuta ameshafungwa kamba na anavutwa na mtu mwingine, na mume wangu akamzungukazunguka akimpa nasaha mpaka mzee wa watu akajifunika uso kwa taulo.

Sasa Jumapili iliyopita tulitoka na wifi yangu, dada wa mume wangu, na kabla hatujaondoka niliuliza tu kama mafuta yanatosha, mume wangu akamwambia dada yake mbele yangu, "Huyu kazi yake humu ni chupa ya chai, mambo ya chombo hayajui," wifi akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikaamua moyoni kwamba simsemeshi mtu mpaka turudi nchi kavu. Nikakaa kiti cha nyuma na chupa yangu mapajani, nimenuna. Mshauri, mimi nikinuna nimenuna, ukoo mzima unalijua hilo.

Tukiwa mbali na nchi redio ikaita. Ilikuwa sauti ya mwanamume, imetulia kabisa, na huo utulivu ndio ulionitisha, akasema meidei mara tatu, lile neno la watu walio hatarini kufa, akataja boti yake, akasema maji yanaingia na hawawezi kuyazuia, wako wanne na wawili ni watoto, wako kwenye boya jekundu la nje, upande wa gati la saruji. Nilisikia kila neno. Kazi yangu, sijakuambia, ni kupokea simu kwenye kampuni ya malori, siku nzima madereva waliokwama wananieleza walipo huku wengine wanalia na wengine wanatukana, na sijawahi kumtuma fundi mahali pasipo dereva. Mume wangu wakati huo alikuwa ameinama anatafuta kofia. Alichosikia ni "boya jekundu".

Akanyakua kipaza sauti, akajitambulisha, akataja cheo, akataja boti yetu ambayo ina jina la mama yake, akasema, "Ondoeni shaka, mmempata mtu anayehusika." Kituo cha uokoaji nacho kilikuwa kinajaribu kuongea, kuna dada pale ana sauti ya karani wa benki, akasema, "Boti inayoongea sasa hivi, naomba ukae kimya kwenye chaneli hii." Mume wangu akatugeukia akasema, "Kuna watu hawana nidhamu kabisa redioni," akabonyeza tena akaendelea kuwapa watu moyo.

Kisha akageuza boti tukaenda mbio kwenye boya jekundu la ndani, lile la karibu na maghala tunalopita kila wiki. Nilimwona anageuza, nilijua anakosea, nikatazama chupa ya chai. Nilijiambia si amesema sijui mambo ya chombo, basi aende anakojua. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani, Mshauri, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Tulipofika kwenye boya hapakuwa na mtu, ndege wawili tu wamekaa juu yake wanatutazama, na mume wangu akavua kofia akasema, "Wamezama." Wifi akaanza kulia. Hapo ndipo nikasema, "Wako boya la nje, kwenye gati la saruji." Mume wangu akaniambia nisimchanganye, lakini akageuza.

Tulikuta kivuko cha abiria kimeshawatoa. Boti yao ilikuwa imebakiza pua tu juu ya maji. Watoto walikuwa wamefunikwa mablanketi kwenye sitaha, mmoja wa kike amebaki na kiatu kimoja, anatetemeka, lakini wote wazima, namshukuru Mungu.

Sasa chama cha wenye boti kimeamua kumpa mume wangu cheti cha ujasiri, kwa sababu sauti yake ndiyo iliyosikika zaidi. Hafla ni Jumamosi, ukumbi umeshakodiwa na viti vyake, na ameniomba nisimame niwaeleze watu jinsi alivyofanya, kwa kuwa wifi akianza kueleza atalia. Nikisema ukweli nitamwaibisha mume wangu hadharani, nikisema uongo sijui nitamtazama nani usoni, na nikisema naumwa ataniletea dawa, maana nimekuambia ni mtu mwema. Nisimame au nisisimame?

Ni mimi, Mwenye Chupa ya Chai.

JIBU

Mwenye Chupa ya Chai, marahaba, na umri wangu hauhusiki.

Pole kwa maneno aliyokutupia mumeo mbele ya wifi yako. Yaliudhi, na ningekuwa mimi ningenuna vilevile. Pole yangu imeishia hapo.

Umeniandikia kofia, cheo, jina la mama mkwe na viti vya kukodi. Kuhusu ule muda ambao boti ya watu wanne ilikuwa inaingia maji, umeniandikia kwamba ulitazama chupa. Yule mtoto wa kiatu kimoja hakuwa amekukosea chochote. Unajua hivyo, ndiyo maana hulali, na ningeshangaa kama ungekuwa unalala.

Unaniuliza habari za Jumamosi. Jumamosi haina shida, hakuna anayezama ukumbini. Shida yako ni Jumapili, kwa sababu mtaingia tena majini na mumeo bado anaamini yule baba hakusema ni boya lipi. Anaamini hivyo kwa kuwa anayejua vinginevyo ni wewe, na umeamua kunieleza mimi nisiye na boti.

Kwa hiyo mwambie, leo hii. Usianze na "ulikosea boya", hilo atabishana nalo mpaka chakula kipoe. Mwambie, "Nilisikia walipo tangu mwanzo, nikanyamaza kwa hasira." Ndiyo, atakushika nalo. Atamwambia dada yake, dada yake atawaambia wenzake, na mwakani mkigombana kuhusu bili ya umeme atalitoa tena. Mwache alitoe. Kila akilitoa atakuwa anakiri kwamba mkewe alisikia na yeye hakusikia, na hilo halitamdhuru.

Kabla ya kukujibu nimemuuliza mtu aliyefanya kazi kwenye vituo vya redio za majini, maana mimi maji yakizidi beseni naogopa. Anasema mtu akiita meidei, kazi ya kwanza ya anayesikia ni kufunga mdomo. Sikiliza, andika alipo, wako wangapi, wamepatwa na nini. Kiache kituo kijibu, kwa sababu kituo kina antena ndefu, kina vyombo vya kutuma, na hakuna anayeinama kutafuta kofia. Kikishajibu, kama mko karibu na mnaweza kufika bila kuwazamisha na wa kwenu, subirini nafasi, mkiambie mko wapi na mtachukua muda gani, kisha mfanye kitakachowaambia. Kituo kikikaa kimya, hapo sasa mjibu ninyi, na muurudie wito ule kama ulivyosemwa mpaka apatikane wa kuusikia. Anayerukia kipaza sauti na kubembeleza watu anawazibia njia wanaoweza kuwatoa. Yule dada mwenye sauti ya karani alikuwa anamwambia mumeo. Mweleze na hilo, kwa upole, akiwa amekaa.

Redio ushike wewe. Simaanishi umkomoe. Kazi inayokulisha ni kujua waliokwama wako wapi, na huyo mume anayo kazi ya kutosha kwenye usukani. Avae kofia, mwite Kapteni kama kunampa raha, lakini kipaza sauti kihamie upande wa kiti chako, na fundi wa kukihamisha apatikane kabla ya Jumapili. Akikataa, usipande boti hiyo, umzuie na wifi yako, na mwambie sababu bila kupepesa macho.

Jumamosi nenda. Ukiitwa, simama, sema kwamba waliowatoa wale watu ni nahodha na mabaharia wa kivuko, ambao naona hakuna aliyekumbuka kuwaalika, omba wapigiwe makofi, kaa. Hutakuwa umemwaibisha mumeo wala hutakuwa umesema uongo. Cheti akitundike anapotaka, nawe umshikie misumari.

Na siku nyingine mkiwa majini, akikutania tena wifi akashika mbavu, nuna. Hiyo ni haki yako. Lakini redio ikiita, acha kununa, sema walipo, hakikisha wote wametolewa, kisha uendelee pale ulipoishia.