Waya wa Chumba cha Deo

Jumanne, 6 Machi 1979

Swichi kuu imejikata tena jioni hii, mara tatu tangu jenereta ya misheni iwashwe. Nikaamua kutafuta kosa kwa utaratibu. Nilizima taa zote, kisha nikawasha moja moja: sebuleni, jikoni, chumbani kwetu. Zote salama. Nilipowasha ya chumba cha Deo, nyumba nzima ikawa giza.

Waya wa taa ile mwanetu aliufunga mwenyewe, apate kusoma kitandani, kabla hajaenda vitani. Panya wameguguna mpira wake hadi shaba iko wazi.

Nilipochukua koleo, mke wangu akasimama mlangoni.

"Baba Deo, chumba cha msafiri hakiguswi mpaka arudi. Hata kufagia sijafagia."

"Basi tukae gizani?"

"Tukae. Kwani tulizaliwa na umeme?"

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Barua ya mwisho ilikuja kabla ya Krismasi.

Nikaukata ule waya. Taa nyingine zimewaka na hazijazimika tena. Yeye amewasha koroboi, ameiweka chumbani kwa Deo, na dirisha ameliziba kwa blanketi kama tulivyoagizwa, kwa ajili ya ndege za adui.

Ananilaumu kwa waya tu. Hajui kwamba nilipobana koleo nilijisikia nikisema, "Pumzika, mwanangu," kama tunavyowaambia wafu kaburini.

Hakuna aliyeniambia kwamba amekufa. Hakuna. Lakini mdomo wangu...