Glavu za Vizma kwenye mazishi ya bibi yake

Inta, tumetoka makaburini sasa hivi na hasira bado haijanitoka.

Unajua Vizma alimwahidi bibi yake: watakaobeba jeneza lake watavaa glavu, kama ilivyo desturi, alizofuma mwenyewe kwa uzi aliousokota mwenyewe. Miezi mitano, mtu asiyejua hata kushika sindano za kufumia! Bibi kitandani akimwambia, "Usiuvute hivyo, mjukuu wangu, uzi si ng'ombe."

Jozi nne. Nene huku, nyembamba kule, kidole gumba kimekwenda upande. Lakini alimaliza.

Wabebaji walikuwa wameshazivaa, shangazi yake Austra akawavua glavu hizo. Akawavua, Inta! Mbele ya jeneza! "Mnataka kijiji kizima kitucheke? Vaeni hizi za dukani."

Ndiye huyuhuyu aliyeuza gurudumu la bibi la kusokotea uzi. Sijasahau.

Nikampigia kelele. Vizma akanishika mkono: "Acha, dada. Bibi asizikwe kwa ugomvi."

Wakamshusha bibi kaburini kwa glavu za dukani. Za dukani!

Sasa Vizma yuko hapa jikoni kwangu, anazifumua glavu zake. Uzi unakatika kila mara, naye anapiga fundo na kuendelea. Nimemuuliza, za nini tena? Akanijibu, "Bibi alisema nikikosea, nifumue nianze upya."