Mita Kumi na Moja kutoka Mpakani

Eldas,
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwa Abti Yahye,

Assalamu alaykum. Leo naahidi kukueleza kila kitu kuhusu kinu chetu cha upepo, hata yale ambayo hayatakupendeza. Sisi tu wazima. Hooyo, dada yako, anakusalimu. Ayeyo Habibo, mama yenu, analalamikia miguu, ila sukari yake imetulia, alhamdulillahi, kwa kuwa kinu kinatupa umeme na insulini sasa inakaa kwenye friji na si kwenye mtungi wa mchanga na maji. Wewe je, mjomba wangu, u mzima huko Garissa? Malori bado yanakuletea dinamo mbovu? Naandika kwa Kiswahili kama tulivyokubaliana, mpaka nimalize mtihani.

Kinu kinazunguka vizuri tangu ulipoondoka mwisho wa likizo. Mzee Diriye, jirani yetu wa mashariki, alimwuliza Ayeyo juu ya ua, "Habibo, nyumba yako inaruka lini, nije kukuaga?" Ayeyo akamjibu, "Nikifika juu nitakuchungulia nione unavyokula peke yako."

Alhamisi alikuja afisa wa mipango ya mji, Bi Arbia. Hakuwa mkali. Alikunywa chai, kisha akatoa kanuni mpya za vinu vya nyumbani. Umbali wa nguzo kutoka mpaka wa kiwanja sharti uzidi urefu wake kwa mita moja, kila upande, ili ikianguka imwangukie mwenyewe. Yetu ni mita kumi hadi ncha ya panga, kwa hiyo tunatakiwa kuwa na mita kumi na moja. Atarudi tarehe 12 Juni pamoja na mpima ardhi. Tusipotimiza, kinu kitashushwa.

Nimepima kwa tepu uliyoniachia. Kutoka kwenye nguzo hadi ua wa miiba wa mashariki ni mita kumi na mbili. Je, tumesalimika?

Mpwa wako,
Ifrah


Garissa,
16 Mei 2025

Kwa Ifrah, mpwa wangu,

Waalaykum salam. Barua yako imeletwa na basi, imekunjwa vizuri kuliko shati langu. Mimi mzima. Dinamo mbovu hazijaisha, na zikiisha nitakula nini?

Nimeisoma kwa sauti hapa karakana. Abdisalam, fundi ambaye hamsifu mtu, aliuliza, "Huyo msichana yuko darasa la ngapi?" Nikamwambia kidato cha tatu. Akasema, "Na wewe uliishia wapi?" Nikarudi kwenye dinamo yangu.

Mmesalimika. Kumi na mbili ni zaidi ya kumi na moja. Siku ile tulipochimba, mimi mwenyewe nilihesabu hatua kumi na mbili kutoka uani. Kazi iliyobaki ni nyaya zinazoishikilia nguzo. Upepo wa hagaa, ule mkali wa kiangazi, ukianza Juni zitalegea, na upande wa mashariki mchanga ni laini. Ongeza kigingi kimoja hapo, ukipigilie mpaka kigome kuingia.

Msalimie dada yangu, na umbusu mama mkono.

Abti yako,
Yahye


Eldas,
25 Mei 2025

Kwa Abti Yahye,

Assalamu alaykum. Natumai afya yako ni njema. Sisi wazima wa mwili, lakini nyumbani hatuzungumzi sana, na sababu ni mimi.

Nilipigilia kigingi kama ulivyosema. Kiligoma mapema mno. Nilipofukua nikakuta saruji yenye namba. Ni bikoni, Abti, alama ya wapima ardhi. Mpaka halisi wa kiwanja chetu uko ndani ya ua, mita nne kabla ya miiba. Kwa hiyo nguzo iko mita nane tu kutoka mpakani.

Niliifukia tena, nikakaa siku mbili bila kumwambia mtu. Siku ya tatu, wakati wa chakula, nikasema mbele ya wote.

Ayeyo alikasirika. "Miiba yangu haina miguu," alisema. Hooyo akamwuliza taratibu, "Kila kiangazi unapotengeneza ua, miiba mipya unaiweka wapi?" Ayeyo akajibu, "Nje ya ile ya zamani. Ningeiweka wapi, ndani, juu ya mbuzi?" Kisha akatoka kuutazama ua. Ametengeneza ua huo miaka ishirini na miwili. Ya zamani huoza, mpya hubaki, na ua umekuwa ukitembea kidogo kidogo kuelekea kwa Mzee Diriye.

Nilikwenda kumwambia yeye pia, maana ardhi ni yake. Aliita watu. "Njooni mwone, nimemlisha Habibo ardhi yangu kwa kijiko!" Akadai nipime kiwanja chake chote ili ajue kilichobaki. Nikapima. Upande wa mbele ua wake umeingia barabarani mita tano. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee aliniambia kwa sauti ndogo, "Kunja hiyo tepu, msichana, kabla hujafika kwa imamu."

Nimefikiria kuifupisha nguzo, lakini chini ya mita kumi matanki ya maji yanazuia upepo. Kiwanja chenyewe kina upana wa mita ishirini na nne, kwa hiyo nguzo inaweza kusimama katikati tu, kwenye ukanda wa mita mbili. Hapo ndipo ilipo aqal ya Ayeyo, ile nyumba ya fito na mikeka aliyosukiwa na mama yake alipoolewa. Nimwombe aihamishe?

Mpwa wako,
Ifrah


Garissa,
30 Mei 2025

Kwa Ifrah,

Waalaykum salam. Mimi mzima. Kosa ni langu. Mtu mzima nilipima kwa hatua, tena kutoka kwenye miiba, na kila mwaka nilimwona mama akiisogeza.

Usimwombe Ayeyo ahame. Ana miaka sabini na minne, na ile ndiyo nyumba yake ya harusi. Siwezi kufika kabla ya Julai. Kishusheni kinu polepole, mapanga myalaze kwenye mkeka.

Ungeweza kuiacha saruji ile chini ya mchanga. Abdisalam ameniomba barua yako aisome mwenyewe.

Abti yako,
Yahye


Eldas,
15 Juni 2025

Kwa Abti Yahye,

Assalamu alaykum, na Iddi njema iliyopita. Tulikula nyama ya kutosha na kukutaja mara nyingi. U mzima? Sisi tu wazima sana.

Nilikutii. Kinu tulikishusha polepole, na sikumwomba Ayeyo. Ila nilimsomea Hooyo barua yako jikoni, na Ayeyo alikuwa nyuma ya pazia. Akaingia. "Yahye anasema siwezi kuhama? Nyumba hii nimeipakia juu ya ngamia mara nyingi kuliko yeye alivyobadilisha viatu." Kesho yake, kabla ya chai, alikuwa ameshaondoa mikeka ya paa. Hooyo alitaka kumsaidia kufungua mafundo akaambiwa, "Wewe shika tu, vijana wa nyumba za mabati hawajui kufungua." Wanawake wa mtaa wakaja. Kufikia adhuhuri aqal ilikuwa imesimama upande wa kusini, na Ayeyo ndani yake akitaka maziwa.

Nilichimba shimo mwenyewe siku mbili. Nilipima kutoka bikoni hadi bikoni, nikasimika kitako cha chuma kwenye saruji, nikaiacha ikauke juma zima. Tarehe kumi na moja tuliinua nguzo. Wasichana sita wa darasa letu walishika nyaya za pembeni, na Mzee Diriye akaleta ngamia wake kuvuta kamba kuu. Alisema amekuja kulinda ardhi yake isiangukiwe. Mimi ndiye niliyetoa amri. Nilisema vuta, ngamia akavuta. Niliposema simama alisimama, na hata Mzee Diriye akasimama.

Bi Arbia alikuja na mpima. Mashariki, mita kumi na moja na sentimita arobaini. Magharibi, kumi na mbili na sitini. Mpima alirudia mara mbili, kisha akaniuliza nimesomea wapi. Miiba sasa tunairudisha kwenye bikoni, Mzee Diriye naye ameutoa ua wake barabarani, na barabara yetu imepanuka hata lori la maji linapita.

Limebaki jambo moja. Kwenye fomu ya kibali pana nafasi ya jina la aliyesimamisha nguzo. Bi Arbia aliuliza ni nani, na watu wote wakaniangalia. Akasema kanuni haitaji umri, ila mwenye jina hilo ndiye atakayeulizwa nguzo ikianguka. Mzee Diriye akasema, "Andika la mjomba, hapo hakuna maswali." Ayeyo akamjibu, "Mjomba huyo alipima kwa miguu."

 Mapanga uliyachonga wewe, na kila ninachojua kuhusu koili na sumaku nimekipata kwako. Sitaki kukuchukulia kilicho chako. Lakini shimo hili nililipima mimi, na kila nati niliikaza mimi, na ikianguka nataka niulizwe mimi.

Mpaka jina liandikwe, mapanga lazima yabaki yamefungwa kamba, na insulini imerudi mtungini. Upepo wa hagaa umeanza, naisikia kamba ikivutwa hata ninapoandika. Bi Arbia anataka neno lako kwa maandishi, si kwa simu, kwa kuwa nguzo ya kwanza ilikuwa yako. Basi linaondoka Garissa Alhamisi asubuhi. Tafadhali mpe dereva karatasi, hata iwe na mstari mmoja.

Abti, niandike jina lako, au niandike langu?

Mpwa wako,
Ifrah