Ukoka kwa Uwanja Usio na Kivuli

Kwako mheshimiwa Baba Mdogo Tamimu,

Shikamoo. Mama hajambo, mafua yamemwachia.

Nimeukagua uwanja wa nyumba yako mpya hapa Mtawanya, kama ulivyoniagiza. Nyasi za Pemba huvumilia kivuli, lakini umekwisha kuikata mikorosho ya marehemu baba, ile iliyonisomesha hadi chuo kikuu na iliyokuwa ikimlisha mama. Kwa jua lililobaki, panda ukoka.

Mama aliniuliza, "Huo ukoka unazaa nini, mwanangu?"

"Hauzai, mama. Unakatwa tu."

"Basi kukata keshakuzoea huyo shemeji yangu," akasema.

Visiki vya mikorosho huchipua, hasa vikipata maji. Mtaalamu yeyote angekushauri uving'oe kabla ya kupanda. Mimi ushauri huo sikupi.

Mwanao mtiifu,
Muzdalifa Swalehe,
Shahada ya Kilimo