Tutaludi, kwa L

Rafiki yangu Rwegasira,

Mwandiko wangu unaujua, kwa hiyo usicheke kabla sijaanza. Nimekaa kwenye benchi letu mbele ya duka lako la kuchapa, naandika kwa kalamu, maana mimi na hiyo mashine yako ya kompyuta bado hatujapatana. Waliokwenda kukuzika wamerudi wakasema wamekulaza vizuri kwenu ng'ambo, kwenye migomba ya baba yako. Mimi sikuvuka ziwa. Mguu ulivimba. Watu wanasema Masanja aliogopa meli. Waache waseme. Mimi niliyevusha ng'ombe pale kivukoni Kigongo na hakuzama hata ndama, niogope meli?

Sasa nisaidie, maana nimechanganyikiwa.

Binti yako Adventina alinijia hapa hapa kwenye benchi. "Shikamoo baba mkubwa." Nikaitikia. Akasema mashine inatakiwa ibadilishwe mfumo. Mfumo ndiyo nini? Akasema ni kile kinachoiambia mashine iamke, na ikishaamka ifanye nini. Uliomo ni wa zamani, unaitwa Dosi. Mimi nikasikia dozi, nikamwambia basi aimalize kwanza, dozi haikatwi katikati. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Nikaangalia barabarani.

Anataka kuweka Windozi. Anasema maana yake ni madirisha. Sielewi mashine inataka madirisha ya nini wakati duka zima lina moja. Lakini ana sababu. Tangu serikali iachie biashara kila mtu ni mwenye duka, na mtaa wa nyuma kuna bwana amefungua la kuchapa kama hili, mashine yake inatoa maua, na herufi zimejikunja kama mikia ya nguruwe. Wenye harusi wote wamehamia kule. Tukibaki na Dosi, anasema, duka litakufuata. Na wewe ulimwambia siku wanakupeleka hospitali: mashine usiiguse bila kumuuliza Masanja. Kwa nini ulisema hivyo, bwana? Akili ninazo nyingi, hilo halina ubishi, lakini ni za ng'ombe.

Nikaenda kwa yule bwana kuitazama. Usinune. Kweli ni rahisi. Huandiki amri yoyote. Unasukuma kile kidude wanachokiita panya, unabonyeza kapicha, kanafunguka. Haiulizi mtu amesoma wapi. Unakumbuka Dosi yako ilivyonidharau? Ulinifundisha niandike dir ili inionyeshe vilivyomo tumboni mwake. Nikaandika dil. Ikakataa. Nikaandika tena, nikibonyeza kwa nguvu, dil. Ikakataa. Ukanipiga mgongoni: "Mzee Masanja, hii mashine haijafika Usukumani!" Nikakujibu itafika tu, hata wewe ulikuja hapa hujui michembe ya viazi ni nini, leo unanimalizia sahani.

Hapo nikataka kusema weka Windozi, yaishe. Halafu nikauliza habari ya mchezo. Yule bwana akanionyesha karata. Mtu anacheza peke yake, anapanga nyekundu juu ya nyeusi, hakuna wa kumtukana. Nani anacheza karata peke yake, kama siyo mtu aliyefiwa? Nikatoka bila kuaga.

Drafti yetu iko kwenye Dosi. Tulianza kwa vifuniko vya soda na ubao wa kuchora, ukatuhamishia kwenye kioo, nikakasirika, halafu nikazoea. Na mchezo wa mwisho haukuisha. Kifua kilikubana, ukasema tuuhifadhi. Mashine ikataka jina la kuuhifadhia. Ukaniachia kiti, ukasema, "Andika wewe leo. Andika tutarudi." Nikaandika kwa kidole changu mwenyewe, taratibu, na haikukataa! Nilijisifu sana siku ile. Ulikuwa umeshika kifua na bado unacheka.

Basi sikujua nichague lipi. Nikisema Dosi, mwanao anafunga duka. Nikisema Windozi, ule mchezo unaondoka, na wewe unaondoka mara ya pili. Asubuhi nasema hivi, jioni nasema vile. Adventina akachoka, akamleta fundi, mtu mzima mwenye kipara, wa Nansio. Fundi akasema tumbo la mashine ni dogo, lazima lisafishwe lote ndipo Windozi iingie, lakini anaweza kuutoa mchezo kwanza akauweka kwenye diski. Nimtajie jina tu.

Nikasema, Tutarudi.

Akaandika. Hakuna. Akaandika tena. Hakuna. Akasema, "Mzee, humu hamna kitu cha jina hilo."

Rwegasira, nitakuambia ukweli wa nilichofikiri. Nilifikiri umeufuta wewe kwa kuwa nilikuwa nakushinda. Nikakutukana kimoyomoyo, marehemu na umarehemu wako. Fundi alikuwa ameshainua mkono aanze kusafisha. Adventina akaniuliza kwa upole, "Baba mkubwa, uliliandikaje?"

Nikasema nililiandika kama linavyotamkwa. Akasema, hebu litamke.

Nikatamka.

Wakaangaliana. Fundi akafuta r, akaweka l. TUTALUDI. Likatokea pale, limekaa kimya kama ndama aliyejificha kwenye mtama.

Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu siku ile. Uliona. Karani mzima uliyesahihisha barua za mabosi maisha yako yote, uliona ile l ukaiacha. Sijui kwa nini hukuniambia.

Windozi imeingia. Ndiyo, nilikubali. Mwanao amechapa kadi ya kwanza ya harusi, ina maua mengi kuliko shamba. Lakini sikia hili: fundi amenionyesha kwamba Dosi haikuondoka. Iko chini ya hayo madirisha. Unaiambia mashine irudi, kioo kinakuwa cheusi, na kale kamstari kanakonyeza kama zamani. Mchezo wetu ameurudisha humo. Nimeufungua. Zamu ni yako.

Nimeutazama ubao vizuri. Kwa kuwa huwezi kwenda kuwasimulia sokoni, nakuambia: ulikuwa unanila kete tatu na kuingia kingi. Mimi nilijua nashinda. Sielewi niliangalia wapi.

Adventina, anayenisahihishia r za barua hii, ameuliza kama aisahihishe na ile l. Nimemkatalia. Nimemkatalia pia kukuchezea zamu yako, na mimi sitaigusa, ingawa ningeweza kukuchezea vibaya nikashinda na nani angejua. Nakuahidi ubao utakaa hivyo hivyo. Yeye akae na madirisha yake juu, sisi tuko chini. Na mguu ukipona nitapanda meli nije huko migombani nikuambie kwa mdomo, nisikie wanaosema naogopa meli watasema nini.

Lala sasa, Lwegasila. Nimekuita hivyo miaka yote na hukunisahihisha hata siku moja.

Tutaludi.

Ni mimi mshindi wako,
Masanja